Gitaa lililorudi nyumbani: Yusuf Islam asimulia safari yake

Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na gitaa katika nyumba ya Yusuf Islam. Lililoingia hatimaye hakulileta yeye. Alilileta mwanawe Muhammad, kijana aliyekulia katika nyumba ya swala na Qur'ani, ambaye umaarufu wa zamani wa baba yake aliujua kwa kusimuliwa. Baba hakulivunja gitaa lile wala hakuamuru litolewe nje. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, wenzake wakiwa wamerudi kulala, alilikuta limekaa tu, akalinyanyua na kuweka vidole mahali pake. Vidole vilikuwa havijasahau kitu.

Tukio hilo ndilo linalonijia kwanza kila ninapofikiri juu ya mtu huyu, ambaye mwaka 2025 alitoa tawasifu yake kwa Kiingereza, Cat on the Road to Findout. Jina la kitabu limetoka katika wimbo wake wa mwaka 1970, unaomhusu mtu aliyeacha kwao akaenda kutafuta ukweli. Kabla ya hapo, mwaka 2014, alikuwa ametoa kitabu kingine kidogo, Why I Still Carry a Guitar, kuwajibu Waislamu wenzake waliokuwa wakimuuliza kwa nini amekishika tena chombo alichokwisha kukiweka chini.

Wasomaji wetu wanamfahamu kwa njia mbili. Wazee wanamkumbuka Cat Stevens, kijana mwenye nywele ndefu aliyetamba redioni miaka ya 1970. Watoto wanamjua kwa A is for Allah, kazi ya kuwafundisha herufi za Kiarabu, na hawana habari kwamba sauti ile iliwahi kujaza kumbi za dunia. Binti yangu aliamini kwa muda mrefu kwamba yule ni ustadhi wa madrasa fulani ya Uingereza. Nilipomweleza kazi aliyoifanya ujanani aliniangalia kama ninayemtania.

Alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus na mama yake Mswidi. Walikuwa na mkahawa katika barabara ya Shaftesbury Avenue, na familia iliishi ghorofa ya juu ya mkahawa huohuo, katikati ya mji wa starehe, kwenye majumba ya maonyesho na vilabu vya usiku. Watoto walisaidia kazi za mkahawa. Wazazi walitengana yeye akiwa na umri wa miaka kama minane, lakini waliendelea kufanya kazi pamoja chini ya paa lilelile, jambo ambalo mtoto hulibeba kwa namna yake. Baba alikuwa Mkristo wa Orthodoksi, naye mtoto akasomeshwa shule ya Kikatoliki iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Yosefu. Jina hilo msomaji alishike, litarudi.

Umaarufu ulimfikia mapema mno. Mwaka 1966, akiwa na miaka 18, wimbo wake wa kwanza ulikuwa umeshaingia redioni, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata wimbo wa Matthew and Son ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza. Fedha zikaja, pombe ikaja, na usiku ukawa mchana. Kabla hajatimiza miaka 21 kifua kikuu kilimwangusha. Alilazwa hospitali kwa miezi, kisha akakaa muda mrefu akijiuguza, kijana ambaye jana alikuwa akipigiwa kelele na umati na leo anasikiliza kikohozi chake mwenyewe. Huko ndiko alikoanza kuuliza maswali. Alisoma habari za Wabudha, akajaribu kutafakari, akapima nyota, akahesabu maana za namba. Alipotoka kitandani alikuwa na nyimbo nyingi mpya, tulivu zaidi, na hizo ndizo zilizomfanya ajulikane ulimwenguni: Tea for the Tillerman ya mwaka 1970 na Teaser and the Firecat ya mwaka 1971 ziliuzwa kwa mamilioni.

Kisa cha bahari kimesimuliwa mara nyingi, nami nitakipita haraka. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akiogelea Malibu, pwani ya California, maji yakamvuta hadi akaishiwa nguvu. Aliomba, akaahidi kwamba akiokolewa atamtumikia Mungu, na wimbi likamrudisha ufukweni. Qur'ani inawataja watu wa namna hiyo, wanaomwita Mola wao kwa ikhlasi wakiwa chomboni kisha wakafika nchi kavu wakasahau. Kinachomtofautisha Yusuf na wengi wetu ni kwamba ahadi ile hakuisahau, ijapokuwa hakujua bado aitimize kwa njia gani.

Njia ililetwa na kaka yake David. Alikuwa amezuru Jerusalem, akavutiwa na utulivu aliouona msikitini, na aliporejea akamzawadia mdogo wake tafsiri ya Qur'ani. David mwenyewe hakuwa Mwislamu. Steven aliisoma peke yake, bila mwalimu na bila jirani wa kumwonyesha Waislamu wanaishije, na baadaye amesema kwamba pengine hilo lilimfaa, kwa kuwa alikutana na kitabu kabla ya kukutana na sisi wenye kukibeba. Alipoifikia Surat Yusuf alivunjika. Si ajabu. Nabii Yusuf (AS) alitupwa kisimani na ndugu zake, akaokotwa na wasafiri na kuuzwa kwa thamani duni, akaingia nyumba ya wakubwa na kutoka humo hadi gerezani, na mwisho akakabidhiwa hazina za Misri. Kijana ambaye sura yake ilibandikwa kwenye majalada na kuuzwa madukani hakuhitaji mfasiri wa kumweleza maana ya kuwa bidhaa.

Alikwenda Jerusalem mwenyewe. Amesimulia kwamba akiwa ameketi msikitini mtu mmoja alimuuliza kama yeye ni Mwislamu, akajibu ndiyo. Akaulizwa jina, akasema Stevens. Yule mtu akachanganyikiwa, na ni haki yake. Mnamo tarehe 23 Desemba 1977, siku ya Ijumaa, alikwenda kwa imamu katika Msikiti Mkuu wa London, ule wa Regent's Park, akatamka shahada. Mwaka uliofuata akajiita Yusuf Islam.

Kuna jambo moja katika masimulizi yake linalostahili kusomwa mara mbili. Imamu wa msikiti ule hakumwekea sharti la kuchagua baina ya muziki na Uislamu. Alimtia moyo aendelee na kazi yake ya kutunga na kurekodi. Hakuna aliyemfukuza jukwaani.

Namkumbuka kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akipiga kinanda katika kikundi cha taarab. Aliingiwa na hamu ya dini, akaanza kuhudhuria darsa baada ya Magharibi, akikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wiki ya tatu mzee mmoja alimuuliza mbele ya watu wote kama ameshakichoma moto kile kinanda. Kijana aliinama, akachukua viatu vyake, na hatukumwona tena pale. Mzee yule aliamini kwamba amekataza mabaya, na huenda mpaka leo anaamini hivyo. Kila nikisoma habari ya imamu wa Regent's Park huwakumbuka wote wawili, nami nilikuwepo na sikusema neno.

Miaka ya ukimya

Yusuf aliacha mwenyewe. Alisikia kauli za wanazuoni zinazokinzana, akatazama maisha yaliyouzunguka muziki wake, ulevi, uasherati na watu kumtukuza kupita kiasi, akaona salama zaidi ni kujitenga na yenye shaka. Alikamilisha albamu ya mwisho, Back to Earth, mwaka 1978. Mnamo Septemba 1979 alifunga ndoa na Fauzia msikitini Regent's Park. Tarehe 22 Novemba mwaka huohuo alipanda jukwaa la Wembley kuimba kwa ajili ya watoto, katika tamasha la kuchangia UNICEF, na hapo ndipo mapenzi ya umma na gitaa lake yalipokatika. Magitaa yalipigwa mnada na fedha zikatolewa sadaka.

Watu wengi husimulia kisa hiki hadi hapo, kana kwamba kuacha ndiko kuliko kuwa kazi yenyewe. Mimi naona kazi ilianza siku iliyofuata. Mtu ameacha jambo pekee analolijua, ana miaka 31, mirabaha ya nyimbo za zamani inaendelea kuingia asipende asipochukia, na mbele yake kuna miaka mingi. Afanye nini?

Jibu lilitoka ndani ya nyumba yake. Binti yake wa kwanza, Hasanah, alizaliwa, na kwa ajili yake alitunga ule wimbo wa A is for Allah. Mtoto alipokaribia umri wa shule baba aliangalia London yote na hakuona shule ya kutwa inayofaa mtoto wa Kiislamu. Ndipo mwaka 1983 alipoanzisha shule ya Islamia kaskazini-magharibi mwa jiji, kwa watoto wachache tu. Fedha za nyimbo zikageuka kuwa mishahara ya walimu, madawati na kodi ya jengo.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa mapambano ya shule hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayotufaa zaidi sisi wazazi, na ndiyo inayotajwa kidogo zaidi. Uingereza ina utaratibu wa serikali kugharamia shule za dini. Shule za Kianglikana na za Kikatoliki zilizopata msaada huo zilihesabika kwa maelfu, na za Kiyahudi zilikuwepo pia. Ya Waislamu haikuwepo hata moja, ilhali Waislamu walilipa kodi ileile. Islamia iliomba. Ikakataliwa, kwa hoja kwamba shule za jirani bado zina nafasi. Ikaomba tena. Suala likafikishwa Mahakama Kuu, likarudishwa kwa waziri, na waziri akakataa kwa mara nyingine. Kila mwaka orodha ya wazazi waliotaka watoto wao wapokelewe iliendelea kurefuka, na kila mwaka jibu lilikuwa kwamba mahitaji hayapo. Serikali ilikubali mwaka 1998, na Islamia ikawa miongoni mwa shule mbili za kwanza za Kiislamu nchini humo kupata ruzuku ya serikali. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu mtoto wa kwanza aingie darasani. Waliofungua njia ile watoto wao walikuwa wameshakua.

Hatuwezi kusema alifanya peke yake. Walikuwepo walimu waliokubali mishahara midogo, na wazazi waliochanga wakiwa hawana kitu. Lakini anayejua mwendo wa kamati zetu za shule, jinsi zinavyoanza kwa dua na kuishia kwa ugomvi wa risiti, atathamini mtu anayebaki katika kamati moja miaka 15.

Mwaka 1985, njaa ilipoangamiza Ethiopia na Sudan, jumuiya za Kiislamu za Uingereza ziliunda shirika la Muslim Aid, na Yusuf akawa mwenyekiti wake wa kwanza hadi mwaka 1993. Mwaka huohuo wanamuziki wakubwa walikusanyika Wembley tarehe 13 Julai katika tamasha la Live Aid kuchangia waliokumbwa na njaa hiyohiyo. Alikwenda. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya siku ile, na baada ya miaka karibu sita ya kimya alikuwa tayari kusimama mbele ya watu. Mwimbaji aliyemtangulia akapitiliza muda wake, ratiba ikabana, na Yusuf hakuitwa. Alirudi nyumbani na wimbo wake.

Jeraha la mwaka 1989

Mwandishi wa habari za Yusuf Islam anayeuruka mwaka 1989 hatendi haki. Baada ya kiongozi wa Iran, Ayatullah Khomeini, kutoa fatwa juu ya mwandishi Salman Rushdie mwezi Februari mwaka huo, Yusuf alizungumza na wanafunzi wa chuo huko Kingston, kusini-magharibi mwa London. Aliulizwa sheria ya Kiislamu inasemaje kuhusu mwenye kukufuru. Akajibu kama alivyoyasoma vitabuni. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Cat Stevens anaunga mkono mtu auawe. Alitoa maelezo, akasema hakumtaka mtu yeyote avunje sheria ya nchi wala hakuunga mkono mauaji. Baadaye tena, katika kipindi cha televisheni, alitamka maneno ambayo yeye mwenyewe ameyaita mzaha usiofaa, na mzaha ule ukawapa wakosoaji ushahidi waliouhitaji. Vituo vya redio vikaacha kupiga nyimbo zake. Kundi moja la muziki la Marekani, 10,000 Maniacs, lililokuwa limerekodi upya wimbo wake wa Peace Train, liliuondoa katika matoleo ya baadaye ya albamu yao.

Ameeleza mara nyingi kwamba alieleweka vibaya, na mimi ninaamini hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Pamoja na hayo, sioni kwamba lawama zote ni za magazeti. Alikuwa Mwislamu wa miaka 11, hakuwa mufti, na swali aliloulizwa ni la aina ambayo wanazuoni wa zamani walijibu kwa kusema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye kisha wakanyamaza. Na sisi jumuiya tuna sehemu yetu. Kila anaposilimu mtu mashuhuri tunamweka mbele ya kipaza sauti siku ya pili, tukitaka atusemee katika mambo ambayo hata masheikh wetu huyaendea kwa tahadhari. Anapoteleza tunaondoka mmoja mmoja na kumwacha ajitetee.

Mwaka uliofuata, Iraq ilipoivamia Kuwait na kuwashikilia wageni, alikwenda Baghdad na ujumbe wa amani, na mateka wanne Waingereza wakaachiwa. Habari hiyo haikupata nafasi gazetini inayokaribia ile ya mwaka uliotangulia.

Kanda kutoka Bosnia

Kilichomrudisha kwenye sauti ni vita. Bosnia ilipokuwa ikichinjwa kati ya mwaka 1992 na 1995 alisaidia kupeleka misaada, na huko aliwakuta Waislamu waliokuwa wamenyang'anywa karibu kila kitu lakini wakiimba kaswida zao. Waziri wao wa mambo ya nje, Irfan Ljubijankić, alikuwa daktari na pia mtunzi. Alimkabidhi Yusuf kanda yenye wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu nchi yake. Mnamo tarehe 28 Mei 1995 helikopta aliyopanda waziri huyo ilitunguliwa kwa kombora, naye akafariki. Kanda ikabaki mikononi mwa Yusuf.

Kwa msomaji wa Kiislamu hiyo ilikuwa amana, na amana hairudishwi kwa maiti. Miaka michache baadaye wimbo ule ulitoka ndani ya albamu iliyoitwa kwa jina lake, I Have No Cannons That Roar, na mwaka 1997 Yusuf alisimama Sarajevo akaimba. Tayari mwaka 1995 alikuwa ametoa The Life of the Last Prophet, masimulizi ya sira ya Mtume (SAW) pamoja na kaswida, kwa sauti na ngoma bila ala nyingine. Alikuwa bado amesimama upande ule wa mstari ambao wengi wanaukubali.

Mstari wenyewe uko wapi? Makala hii haitoi fatwa, na mwandishi wake hana sifa za kuitoa. Wanazuoni wengi, na katika madhehebu zote nne, wamezikataza ala za muziki kwa kutegemea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Wengine, akiwemo Ibn Hazm, waliona hapana katazo lililothibiti, na Imamu Ghazali katika Ihya aliitenga mlango mzima mas'ala ya kusikiliza, akipima nyimbo kwa kinachosemwa na kwa hali ya moyo wa msikilizaji. Hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba kwa dufu siku ya Idd nyumbani kwa Bibi Aisha (RA), Sayyidna Abubakar akawakemea na Mtume akasema waachwe, kila upande huisoma kwa jinsi yake. Sisi wa mwambao tumezaliwa ndani ya khitilafu hii. Wapo wanaosoma Barzanji kwa dufu, wapo wasiolitaka dufu nje ya harusi na Idd, na ipo misikiti iliyogawanyika kwa sababu hiyo hasa.

Yusuf alikaa miaka mingi upande wa tahadhari, kisha akahamia upande wa pili, na ameeleza sababu zake hadharani. Sina haja ya kumtetea. Ninachokiona ni kwamba hakuhama kwa sababu ya njaa. Alihama akiwa na zaidi ya miaka 50, mirabaha ipo, shule imesimama, na alijua fika kwamba kuna Waislamu watakaoacha kumwamkia.

Ndipo lile gitaa la Muhammad likaingia nyumbani. Mwezi Novemba 2003 alisimama Cape Town, katika tamasha la Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI lililoitwa 46664 kwa namba ya kifungo chake, akaimba Wild World pamoja na Peter Gabriel. Mwaka 2006 ikatoka albamu ya An Other Cup, miaka 28 baada ya ile ya mwisho, ikiwa na jina moja tu, Yusuf. Mwanawe naye akawa mwanamuziki, anayejulikana kama Yoriyos, jina lililotokana na lile la ukoo la babu yake, Georgiou.

Katikati ya hayo dunia ilimkumbusha jina alilolichagua. Tarehe 21 Septemba 2004 alikuwa ndani ya ndege kutoka London kwenda Washington, akisafiri na binti yake. Ndege ikageuzwa njia na kutua Bangor, katika jimbo la Maine, kwa kuwa jina lake lilikuwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kuruka kwenda Marekani. Alihojiwa, akarudishwa. Serikali ya nchi yake ililalamika. Haukupita muda, Novemba hiyohiyo, akawa Rome akipokea tuzo ya amani kutoka kwa Mikhail Gorbachev, mbele ya watu waliowahi kupata Nobeli. Magazeti mawili ya Uingereza yaliyodai kwamba anaunga mkono ugaidi yalilazimika mwezi Februari 2005 kumwomba radhi na kumlipa fidia, na fidia aliitoa kwa mayatima wa tsunami iliyoipiga Bahari ya Hindi. Marekani ilimruhusu kuingia tena mwaka 2006.

Mnamo Machi 2019 mtu mwenye silaha aliua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa. Wiki mbili baadaye taifa lilifanya kumbukumbu katika bustani ya Hagley, na aliyesimama na gitaa mbele ya wafiwa, mawaziri na maelfu ya wasio Waislamu alikuwa Yusuf. Aliimba Peace Train, ule wimbo ambao miaka 30 kabla ulifutwa kwenye albamu kwa sababu ya jina lake. Wafiwa waliketi mbele. Mtu anaweza kuwa na rai yake kuhusu ala, nami naiheshimu, lakini siku ile sikumsikia mjane yeyote akimlalamikia.

Siku hizi kazi zake huandikwa majina yote mawili, Yusuf na Cat Stevens, yakitenganishwa na mkwaju mdogo. Kuna waliochukizwa na jambo hilo, wakiona amerudi alikotoka. Yeye hajaiacha swala wala jina alilojichagulia, na hakuna anayeweza kumwondolea miaka 29 aliyoishi kabla ya shahada.

Kati ya nyimbo za mwaka 1970 upo mmoja uitwao Father and Son, mazungumzo ya baba anayemtaka mwanawe atulie nyumbani na mwana anayetaka kuondoka. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kuigiza kuhusu mapinduzi ya Urusi, mchezo ambao haukukamilika, akaimba sehemu zote mbili mwenyewe akibadilisha sauti. Mwaka 2020 alirekodi upya albamu nzima. Sehemu ya baba aliimba akiwa mzee wa miaka ya 70. Kwa sehemu ya mwana walichukua sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa katika ukumbi mmoja wa Los Angeles mwaka 1970, alipokuwa na miaka 22 na bado hajaifungua Qur'ani.